Maswali ya Wasomaji: "Run" Si Kukimbia Tu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka Tanga, Pangani na Muheza zinahusu neno moja la Kiingereza: run. Mwanafunzi kalikuta kwenye kamusi, nahodha kwenye fomu ya bima, muuza vitambaa kwenye ankara. Tumezikusanya na kuzijibu kwa pamoja. Barua zimefupishwa.

SWALI: Shikamooni walimu. Nasoma kidato cha tatu hapa Chumbageni. Nimeambiwa kwamba run ndilo neno lenye maana nyingi kuliko yote ya Kiingereza. Ni kweli? Na kama ni kweli, nitazikariri vipi?

JIBU: Marahaba, mwanetu. Aliyekuambia hajakosea. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 kwa juzuu 20, neno lililochukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa set. Wahariri walipoanza kuiandika upya kwa ajili ya toleo la tatu na kufika herufi R, kitenzi run kikalipita kwa maana 645, na hapo nomino haijahesabiwa. Lakini kamusi ya aina hiyo hukusanya hata matumizi yaliyokufa zamani na yale ya fani finyu. Hakuna Mwingereza anayeyajua yote, wala hakuna mtihani utakaokuuliza yote.

Kukariri orodha ni kujichosha bure. Chukua sentensi nzima, kisha uulize kwanza: ni nani au ni nini kinachotenda? Mtenda akiwa mtu au mnyama, anakimbia. Akiwa kitu cha majimaji, kinatiririka, kinachuruzika au kinavuja: "The river runs into the sea", mto unaingia baharini, "My nose is running", natokwa na kamasi. Usidhani hiyo ya pua ni mzaha. Maana ya kutiririka ni ya kale sawa na ile ya miguu. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, hadi leo kina rinnen kwa kutiririka na rennen kwa kukimbia, na maneno hayo ni ya ukoo mmoja na run. Mtenda akiwa mashine, inafanya kazi. Akiwa mkataba au kozi, muda wake unaendelea: "The course runs from January to March."

Akiwa kitu kisichosogea, kama barabara au ukuta, run hueleza kinapopita. Hapa wengi huteleza kwenye njeo, yaani wakati wa kitenzi. Sema "The road runs along the coast", usiseme "is running", maana barabara haianzi leo ikamaliza kesho. Pima pia tofauti hii: "The railway runs from Tanga to Moshi" inaeleza mahali reli ilipolazwa, kazi iliyoanzia hapa Tanga mwaka 1893, na ni kweli hata siku ambayo hakuna treni hata moja njiani. "A train runs from Tanga to Moshi" inaahidi usafiri. Anayeandika tangazo kwa wageni akichanganya sentensi hizo mbili, mtu ataenda stesheni na mizigo yake.

Swali la pili: je, kuna yambwa, yaani kile kinachotendwa? "She runs" ni anakimbia. "She runs a hotel" ni anaendesha hoteli. Kiswahili kimefanya kazi hiyohiyo kwa kubadili mkia wa kitenzi: enda, endesha. Kiingereza hakigusi kitenzi, kinaongeza nomino mbele yake. Na angalia, kuendesha hoteli si kuimiliki. Mwenye mali ni "owns", meneja anayeamka alfajiri kuhesabu mashuka ni "runs".

Swali la tatu: ni kijineno gani kimefuata? Out, into, over, down, up, kila kimoja kinakipeleka kitenzi kwenye maana yake. Majibu yanayofuata yanahusu hicho zaidi kuliko kingine chochote.

Maumbo yake ni run, ran, run. "I have ran" ni kosa, japo utalisikia sana. Baada ya have na had, rudi kwenye run. Na running ina n mbili kwa sababu neno ni la silabi moja, lina irabu fupi na linaishia na konsonanti moja. Ukiandika n moja, msomaji atavuta ile u.

SWALI: Habari za kazi. Nina duka la jumla na rejareja Ngamiani. Wateja wa kigeni wakiuliza kitu ambacho hakipo huwa nawaambia "It is finished", wengine wananielewa na wengine wanasita. Kijana wangu wa dukani anasema "We are run out sugar". Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Njema, kaka. "Sugar is finished" ni Kiingereza cha Afrika Mashariki, na hapa kila mtu atakuelewa. Mgeni anasita kwa sababu kwake finished mara nyingi ni mtu aliyemaliza kazi au chakula kilicholiwa kikaisha mezani. Kwa bidhaa za dukani amezoea run out. Kijana wako amepata neno, amekosea muundo.

Kiswahili kinakupa ufunguo wa bure hapa. Tunasema "sukari imeisha" na tunasema "tumeishiwa sukari". Ni sentensi mbili, watenda wawili. Kiingereza nacho kina mbili: "The sugar has run out" kwa ile ya kwanza, "We have run out of sugar" kwa ile ya pili. Kitu kikiwa mtenda, hakuna of. Mtu akiwa mtenda, of haikwepeki. Basi, unapotaka kusema kwa Kiingereza, isikilize kwanza ya Kiswahili: ukisikia "-isha", acha of, ukisikia "-ishiwa", itie.

Kosa linatokana na ile "-wa" ya mwisho. Ishiwa, pungukiwa, zote zina sura ya kutendwa, kwa hiyo msemaji wa Kiswahili huona lazima aweke am, are au was. Kiingereza hakitaki. Mbaya zaidi, "He was run out of town" ni Kiingereza safi kabisa, ila maana yake ni kwamba watu walimfukuza mjini. Usimwambie mteja kwamba umefukuzwa na sukari.

Kabla bidhaa haijaisha kabisa, sema "We are running low on rice", yaani umebaki mchele kidogo. "We are running short of change", chenji inatupungukia. "We are running out of flour", unga unaelekea kwisha. Na kitu chenye tarehe pia huishia hapo: "My licence runs out in June", leseni yangu inaisha muda mwezi wa sita. Betri ya simu ni kitu kingine. Hiyo sema "My battery has run down" au "is dead".

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni nahodha wa mashua, Sahare. Chombo kilikuwa kimetia nanga, maji yakapwa, kikalala ubavu na ubao mmoja ukapasuka. Kwenye fomu ya bima, iliyokuwa ya Kiingereza, niliandikiwa "The boat run a ground". Nikaulizwa nilikuwa nakwenda wapi na kwa kasi gani. Nilikuwa siendi popote. Kosa liko wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, nahodha. Kosa ni la maana kabla ya kuwa la tahajia, na ndilo lililokuletea maswali hayo. Run aground ni chombo kilicho safarini kikagusa chini: kikapanda mwamba, kikajikita kwenye fungu la mchanga. Ndani ya run mna mwendo. Mtu wa bima akiisoma anaona chombo kinachokwenda, na chombo kinachokwenda kina nahodha aliyekosea njia. Kwa hiyo lazima aulize kasi na uelekeo.

Chombo chako kilipwelewa. Kiingereza hakina neno moja linalobeba pwelewa kama tunavyolisema pwani, kwa hiyo lieleze: "The boat was at anchor. It was left aground when the tide went out, fell over on its side and one plank split." Sentensi mbili, hakuna run hata mara moja, na kila neno linaweza kuthibitishwa. Ongeza saa ya maji kupwa na kama yalikuwa ya bamvua, maana katika pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu na chombo kilichoelea vizuri siku ya maji mafu kinaweza kukaa mchangani kabisa wiki inayofuata. Kwa bamvua andika "spring tide". Spring hapo haihusiani na majira ya mwaka. Chombo kinapoachwa kikae chini kwa makusudi, ili kikwanguliwe au kipakwe rangi, mabaharia wa Kiingereza husema "it dried out", na neno hilo halina ajali ndani yake.

Kuhusu tahajia: aground ni neno moja. Wakati uliopita ni ran, siyo run. Siku chombo kitakapopanda mwamba kweli kikiwa safarini, Mungu apishe mbali, andika "The boat ran aground on a reef".

Mkondo ukiwa mkali, "A strong current was running". Upepo ukitoka tezi, yaani nyuma ya chombo, na chombo kikienda nao, "We were running before the wind". Ukienda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, run haifai. Hiyo ni "sailing close to the wind".

SWALI: Nauza vitambaa karibu na soko la Ngamiani. Ankara ya mzigo imeandikwa bei kwa "running metre". Mteja naye kaniletea gauni lenye kibandiko "Colours may run". Na binti yangu anayejifunza ushonaji kaambiwa ashone "running stitch". Ni mkimbio gani huo kwenye kitambaa?

JIBU: Dada, hizo ni run tatu tofauti, na ya kwanza inagusa mfuko wako.

Running metre ni mita ya urefu wa jora, upana ukiwa ule uliofumwa nao, uwe wowote. Bei yake haisemi chochote kuhusu eneo. Chukua jora mbili za bei moja kwa running metre: ya kwanza ina upana wa sentimita 150, ya pili 90. Mita moja ya kwanza ina mita za mraba 1.5, ya pili 0.9 tu. Umelipa sawa, umepata kitambaa pungufu kwa asilimia 40. Kwa hiyo kabla hujalinganisha bei za wauzaji wawili, gawa bei ya running metre kwa upana ulioandikwa kwa mita, ndipo ujue nani ana nafuu. Na ukiagiza, andika vyote viwili: urefu unaotaka na upana. Anayeagiza "20 running metres" bila upana hana la kudai mzigo mwembamba ukifika. Maseremala nao watakutana na running foot kwenye mbao na pazia. Hesabu ni ileile.

"Colours may run" ni rangi inachuja. Hapa ni ile run ya majimaji: rangi inatoka kwenye nyuzi na maji na kuingia kwenye nguo ya jirani. Mweleze mteja aloweke peke yake, kwa maji baridi, wala asiliache limelowa na kukunjwa, kwa sababu hapo ndipo rangi huhamia kutoka kunjo hadi kunjo. Kujaribu ni rahisi: lowesha pindo la ndani, likandamize kwa kitambaa cheupe. Kikipata doa, rangi inachuja. Usichanganye na fade. Hiyo ni kupauka, kwa jua au kwa kufua, na haichafui nguo nyingine.

Running stitch ni sindano kuingia na kutoka kwa mstari mmoja, juu na chini, bila kurudi nyuma. Bandi ya fundi wetu ni ya namna hiyohiyo, ila mafundi wa Kiingereza hutenga mbili: mishono mirefu ya muda, itakayofumuliwa baadaye, ni tacking, midogo na sawasawa, ya kubaki, ndiyo running stitch. Mwambie binti asiishonee mahali panapovutwa kama kwapa au kiti cha suruali. Uzi ni mmoja na haujirudii. Ukikatika sehemu moja, mshono wote unaachia. Panapovutwa, ashone backstitch, sindano ikirudi nyuma nusu hatua kila mara.

SWALI: Bajaji ilimpitia mbuzi wangu Majani Mapana. Nikitaka kuandika maelezo kwa Kiingereza, niseme "knocked", "run over" au "run into"?

JIBU: Inategemea gurudumu. "Ran over" ni gurudumu kupita juu ya mwili. "Knocked down" ni kugongwa akaanguka, bila kukanyagwa. "Hit" ni kugongwa tu, na ndilo neno salama kama hukuona vizuri. Ile "knocked" peke yake, bila down, tunaielewa sisi huku. Kwa msomaji wa mbali ni kama kubisha mlango. "Ran into" hutumika zaidi pale chombo kinapogonga kitu kilicho mbele yake, ukuta, nguzo, gari jingine.

Mpangilio wa maneno nao una sheria. Kwa run over, kiwakilishi hukaa katikati: "The bajaji ran it over." Kwa run into hakikai kamwe: "ran into it", basi. Na kwa kutendwa: "My goat was run over by a bajaji." Run, siyo ran.

Run into ina nyingine mbili. "I ran into my uncle at Mkwakwani" ni kwamba ulikutana na mjomba bila kutarajia, hakuna aliyeumia. "The cost runs into millions", gharama inafika mamilioni. Katika maelezo ya ajali, usiandike "I ran into him" bila kutaja chombo ulichokuwa nacho, maana msomaji anaweza kuelewa kwamba mlisalimiana.

SWALI: Nafanya kazi nyumba ya wageni, Raskazone. Mgeni aliniambia "The toilet is running", mwingine "I have the runs", na tangazo letu linasema "running water". Naomba mnisaidie, nisije nikajibu ovyo.

JIBU: Tuanze na lililo wazi, dada: running water kwenye tangazo ni maji ya bomba ndani ya chumba. Kama ni ya ndoo, usiiandike. Kama ya moto yapo, andika "hot and cold running water". Bila hot, mgeni hana haki ya kulalamika.

"The toilet is running", au "keeps running", ni kwamba maji hayaachi kuingia kwenye bakuli baada ya kuvuta. Fungua kifuniko cha tangi uangalie. Maji yakiwa yanafurika kwenye bomba la katikati, boya limekaa juu mno au vali haifungi, lishushe boya. Maji yakiwa chini ya hapo na bado yanapita, mpira wa chini umechakaa au mnyororo wake umeunasa. Kujua, tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi, usivute, subiri robo saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira ndio unaovuja.

"I have the runs" ni mgeni anaharisha. Ni lugha ya mazungumzo, si ya cheti cha daktari. Sisi huku husema "running stomach", na wageni wengi hawaielewi, ukiuliza, uliza "Do you have diarrhoea?" Mpatie maji ya chumvichumvi ya pakiti. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi ya kunywa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Akiwa na damu, homa kali, au hashiki maji tumboni, ni wa hospitali.

Na mtu akiungua jikoni na maelekezo yakasema "cool under running water", hapo running ni lazima iwe ya kutiririka: maji ya bomba yanayopita juu ya jeraha, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Si barafu, si beseni lililosimama likapata joto.

SWALI: Wagosi, salama? Nafunga pampu na majenereta huku Muheza. Kwenye pampu pameandikwa "Do not run dry". Kwenye jenereta "Do not run indoors". Mteja kaniuliza kama kisima chake "has run dry" ni kitu kilekile.

JIBU: Salama, mgosi. Si kitu kilekile. "The well has run dry": hakuna yambwa, kisima chenyewe ndicho kilichokauka. "Do not run the pump dry": yambwa ni pampu, na mtu ndiye anayeambiwa asiiendeshe bila maji ndani. Kibandikoni wameacha kuandika "the pump" kwa sababu kimebandikwa juu yake.

Sababu ya onyo hilo unaijua kwa vitendo, ila mteja umweleze. Maji yanayopita ndiyo yanayopoza na kulainisha sili ya ekseli. Bila maji sili inasuguana kavu, inapata moto, inapasuka, na kinachofuata ni maji kuvuja kuelekea mota. Kwa hiyo pampu ya juu ijazwe maji kabla ya kuwashwa mara ya kwanza na kila baada ya bomba la kuvutia kufunguliwa, na vali ya chini ikaguliwe kama inashika. Kisima kikikauka, pampu nayo inazunguka kavu. Hapo ndipo sentensi zako mbili zinapokutana, na hapo ndipo swichi ya boya inapojilipa.

"Do not run indoors" ni endesha nje tu. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini. Dirisha wazi halitoshi.

"Run in" kwenye kitabu cha injini mpya ni kuizoesha: iende bila mzigo mzito mwanzoni, kisha oili imwagwe kwa muda ulioandikwa kitabuni, kwa sababu ina unga wa chuma uliotokana na vipuri kusuguana. "Runs on diesel" inataja mafuta yake. On, siyo with wala by.

SWALI: Kwa nini mgombea mwenza anaitwa "running mate"? Na je, magazeti yaandike "run for" au "stand for"?

JIBU: Running mate ilitoka kwenye mashindano ya farasi: farasi wa pili wa zizi moja, aliyeingizwa kumwekea mwenzake mwendo. Wamarekani wakaipeleka kwenye siasa, nasi tunaitumia kwa mgombea wa nafasi ya Makamu wa Rais. Kwa kugombea, Marekani ni "run for", Uingereza ni "stand for". Zote sahihi; chagua moja ubaki nayo katika habari moja. Bila kupingwa ni "ran unopposed" au "was returned unopposed". Usiandike "run the seat". Bila for, kitenzi kinaendesha badala ya kugombea.

SWALI: Rangi ya mafuta niliyopaka kwenye milango imefanya machozi. Kopo lilionya "avoid runs". Ndiyo hayo?

JIBU: Ndiyo hayo. Umepaka nene mno, au thinna imezidi. Usiyafute yakiwa nusu mbichi, utachuna rangi yote. Acha yakauke kabisa, piga msasa hadi pawe sawa, kisha paka mikono miwili myembamba.

SWALI: Naomba kwa kifupi: "in the long run", "runs in the family", "five days running", na "runner up". Mimi ni katibu wa mashindano ya shule, hii ya mwisho naihitaji kwa vyeti.

JIBU: "In the long run" ni hatimaye, baada ya muda mrefu. "Diabetes runs in the family", kisukari kimo kwenye ukoo. "Five days running" ni siku tano mfululizo. Running hukaa baada ya siku, usiitangulize.

Runner-up ni mshindi wa pili, na haihitaji mbio yoyote: hata wa ushairi au chesi ni runner-up. Andika na kistari. Wakiwa wawili au timu nzima, s inaingia katikati: runners-up. Mshindi wa tatu si runner-up wa pili isipokuwa mmetangaza "first runner-up" na "second runner-up", na hapo first runner-up ndiye aliyeshika nafasi ya pili. Mkitumia mpango huo, chapeni na namba ya nafasi kwenye cheti, kwa sababu mzazi akisoma "first" atadhani mwanawe ameshinda.